Springi za tela na hasara ya nyanya: nani alipe?

Tenga la nyanya linaposhushwa sokoni, mnunuzi mzoefu hapotezi muda kutazama nyanya za juu. Huinama akaangalia sakafu ya tenga kama kuna majimaji yanayochuruzika, kisha ndipo anapotaja bei. Aliyeuleta mzigo hulalamika kwamba alfajiri zilipakiwa nyanya ngumu zilizoanza tu kuwa nyekundu, na mara nyingi hasemi uongo. Zilipotoka shambani zilikuwa nzima. Zimepondeka njiani, na sehemu kubwa ya kupondeka huko hutokea katika kilometa chache za mwanzo, kabla mzigo haujaigusa lami.

Wakulima wa Ilula na vijiji vingine vya Wilaya ya Kilolo mkoani Iringa wanalijua jambo hilo. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam inapita karibu nao na lori likishapakiwa husafiri kwenye lami. Lakini mashamba yapo mbali na lami, na kipande cha kutoka shambani hadi kituo cha kupakia ni njia ya vumbi yenye mashimo, mawe na makunyanzi yanayotetemesha chombo kizima. Hali ni hiyo hiyo kwa mkulima wa Lushoto anayeteremsha mboga kutoka milimani. Kipande hicho cha kwanza hubebwa na chombo ambacho hakuna anayekifikiria sana: tela.

Tela huvutwa na trekta, na pikapu, na pawatila, na wakati mwingine na punda au ng'ombe. Mwenye nalo hujali mambo matatu, yaani tairi zina upepo, sakafu haijatoboka na ndoano ya kuvutia haijakatika. Kilichopo kati ya sakafu na ekseli, yaani springi na vifaa vyake, hukumbukwa siku kinapovunjika. Kwa mfanyabiashara wa mahindi au matofali hilo si kosa kubwa. Kwa anayebeba nyanya, maparachichi, ndizi mbivu au mayai, kifaa hicho kinachosahauliwa ndicho kinachoamua atauza kwa bei ya daraja la kwanza au ya mabaki.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya kuvunwa na kufika kwa muuzaji wa rejareja. Matunda na mboga hupoteza zaidi ya nafaka. Serikali ya Tanzania nayo ilitoa mwaka huo huo mkakati wa miaka kumi, 2019 hadi 2029, wa kusimamia mazao baada ya kuvunwa. Hata hivyo, mazungumzo katika vikundi vya wakulima huishia kwenye matenga, makreti ya plastiki na vyumba vya baridi. Vyote ni muhimu, lakini kreti zuri lililowekwa juu ya tela bovu hutikiswa sawasawa na tenga la mianzi.

Tela lisilo na springi

Matela mengi ya trekta hayana springi kabisa. Ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kinachopunguza kishindo ni tairi peke yake. Watengenezaji hawakukosea. Trekta hutembea polepole, tairi zake ni kubwa, na mzigo uliokusudiwa ulikuwa samadi, magunia na mbao. Kifaa kisichokuwepo hakiharibiki, na tela la aina hiyo hudumu miaka mingi kwa matengenezo machache.

Tatizo lilianza matumizi yalipobadilika. Baada ya Kilimo Kwanza kuzinduliwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika halmashauri nyingi kwa ajili ya kulima mpunga na mazao mengine. Katika vijiji vingi wenye nazo waligundua haraka kuwa jembe linafanya kazi wiki chache kwa mwaka, wakati tela linaweza kupata mzigo kila siku ya soko. Pawatila ikawa chombo cha usafirishaji. Vilevile mafundi wa kuchomelea walianza kutengeneza matela ya pikapu kwa kutumia ekseli za magari yaliyochakaa. Matela hayo hukimbia kuliko trekta, na barabara ni ile ile.

Kinachotokea ndani ya tenga ni rahisi kueleza. Gurudumu linapopanda jiwe, sakafu hurushwa juu, kisha hushuka ghafla. Ikishuka kwa kasi kuliko kitu kinavyoanguka chenyewe, nyanya hubaki hewani kwa muda mfupi mno, zinaachana, kisha zinaangukiana. Kila zinapoangukiana zile za chini hubeba uzito wa zilizo juu pamoja na kishindo chao. Zile za juu ambazo hazina kinachozibana huzunguka na kusuguana mpaka ngozi inachubuka. Ndiyo maana tenga moja linaweza kuwa na hasara za aina mbili: chini zimepasuka, juu zimechubuka, na katikati ndipo penye nafuu. Nyanya iliyochubuka haionekani mbaya siku hiyo. Huanza kuoza kesho yake, ikiwa mezani kwa mchuuzi ambaye hajui kabisa ilipita njia gani.

Sehemu ya tela nayo ina maana. Nyuma ya ekseli, hasa kwenye ncha ya mwisho, mtikisiko ni mkubwa kuliko katikati. Wapakiaji hupenda kupanga matenga mazuri nyuma ili yaonekane kwanza sokoni. Ni afadhali nyuma pakae viazi au kabichi, nyanya zisogezwe karibu na ekseli, mradi uzito wote wa tela usiegemee nyuma na kuinyanyua pikapu.

Mtazamo huu hauna ubishi mkubwa miongoni mwa wataalamu wa usafirishaji wa matunda. Vipimo vilivyofanywa California nchini Marekani miaka ya 1990 vilionyesha kwamba malori yenye springi za upepo huyatikisa matunda kidogo zaidi kuliko yale yenye springi za chuma. Hakuna anayemshauri mkulima wa Kilolo anunue springi za upepo. Somo ni kwamba shehena ile ile, kwenye barabara ile ile, hufika ikiwa na hali tofauti kwa sababu ya kile kilichopo chini ya sakafu.

Kosa la kuongeza vibamba

Mwenye tela anapoamua kuboresha springi, maneno yake kwa fundi karibu siku zote huwa haya: "Fundi, niongezee vibamba viwili, zinalala sana." Springi zinazozungumziwa ni zile za kawaida, vipande vya chuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa katikati. Kwake springi inayolala ni dhaifu, na isiyolala ni imara. Fundi naye hana sababu ya kubisha, anauza vibamba.

Kwa mzigo wa nyanya ushauri huo mara nyingi ni wa kinyume. Springi inafanya kazi yake kwa kulala. Isipolala, kishindo chote hupita kwenda kwenye sakafu kana kwamba haipo.

Kuna kipimo ambacho mtu yeyote mwenye rula anaweza kukifanya bila kulipa hata senti. Tela likiwa tupu kwenye ardhi tambarare, pima umbali kutoka juu ya ekseli hadi chini ya fremu. Lipakie mzigo wa kawaida, upime tena pale pale. Tofauti ndiyo kiasi springi iliyolala. Springi iliyolala sentimita 10 hupanda na kushuka takriban mara moja na nusu kwa sekunde, mwendo wa taratibu kama wa mtumbwi. Iliyolala sentimita 2 na nusu tu hupanda na kushuka zaidi ya mara tatu kwa sekunde, na mishtuko yake ni mikali zaidi. Kama tofauti ni chini ya sentimita 2, mwenye tela anabeba springi kama pambo.

Hesabu ya vibamba vyenyewe inashangaza wengi. Kuongeza kibamba cha sita kwenye springi ya vibamba vitano vinavyofanana huongeza ugumu kwa takriban asilimia 20. Lakini ukiondoa vibamba vya unene wa milimita 6 na kuweka vya milimita 8, ugumu wa kila kimoja hupanda zaidi ya mara mbili, kwa kuwa unene huhesabiwa kwa kuuzidisha wenyewe mara tatu. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa kwenye maduka ya vipuri vikuukuu. Springi ya Mitsubishi Canter ni nzito, ni nzuri na ina bei ya kuvutia. Ikifungwa chini ya tela linalobeba kilo 800 haitalala hata kidogo, na mwenye nalo atakuwa amelipa fedha ili arudi kwenye tela lisilo na springi.

Urefu ndio upande wa pili wa shilingi. Springi ndefu ni laini kuliko fupi. Kwa vibamba vya aina ile ile, kutoka urefu wa sentimita 60 hadi 70 hupunguza ugumu kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa hiyo springi ya nyuma ya pikapu ndogo, ambayo ni ndefu na ina vibamba vyembamba, mara nyingi hulifaa tela la nyanya kuliko springi fupi nene ya lori. Gharama ya ulaini huo ni kwamba kila kibamba hukazwa zaidi kwa mzigo ule ule, hivyo anayezoea kupakia kupita kiasi atazivunja.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba springi ngumu haiongezi uwezo wa tela. Tela hubeba kadiri ya kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote. Ekseli, beringi, habu, tairi na ndoano vinabaki vile vile hata springi zikiwa kumi. Mwenye tela akiona sakafu hailali tena hudhani amepata tani moja ya ziada, anapakia, na siku moja beringi linaungua mteremkoni. Hapo hasara haiwi ya nyanya peke yake.

Vitu vidogo

Kabla ya kununua springi yoyote, ni vyema kulala chini ya tela lililopo na kuangalia vitu vidogo. Kila ncha ya springi ina tundu, ndani ya tundu kuna bushi, na ndani ya bushi hupita bolti inayoishika springi kwenye fremu. Ncha ya nyuma kwa kawaida huning'inia kwenye vipande viwili bapa, shakeli, vinavyoiruhusu springi kurefuka inapolala. Viungo hivi ndivyo vinavyosogea mchana kutwa, na ndivyo visivyopata grisi mwaka mzima.

Bushi ikiisha, bolti husaga chuma cha springi mpaka tundu linakuwa na umbo la yai. Ekseli huanza kucheza, upande mmoja ukitangulia mwingine. Tela huvutwa kimshazari, tairi linaliwa upande mmoja, na kila shimo huleta kishindo cha ziada chuma kinapogonga chuma. Mwenye tela hununua tairi jipya, baada ya miezi michache linaliwa tena, analaumu ubora wa tairi.

Huko Marekani na Kanada tatizo hili lina historia ya kuchekesha kidogo. Familia nyingi huko huvuta nyuma ya gari tela lenye vitanda, jiko na choo na kwenda nalo likizo. Matela hayo, ingawa yana bei kubwa, mara nyingi hutoka kiwandani yakiwa na bushi za plastiki na bolti zisizo na njia ya grisi. Baada ya safari ndefu kadhaa bushi zinaisha, skrubu za makabati zinalegea, vyombo vinaanguka. Wenye nayo wamejenga biashara nzima ya maboresho: bushi za shaba nyeusi, bolti zenye tundu katikati la kupitisha grisi, shakeli nene zaidi, na kwa matela yenye ekseli mbili, kiungo cha kati chenye mpira ndani kinachogawa mzigo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Shokomzoba huongezwa mwishoni. Wengi wao huanza na bushi na bolti kabla ya kubadilisha springi.

Mpangilio wa springi chini ya matela hayo ya starehe ni ule ule ulio chini ya tela la mizigo. Tofauti ni kwamba wao wanalinda sahani, mkulima analinda nyanya. Fundi wa mashine za kukereza anaweza kutengeneza bushi ya shaba nyeusi kwa vipimo, na bolti ya kupitisha grisi hutobolewa kwenye mashine hiyo hiyo. Kazi hiyo si ngeni kwa mafundi wa mijini, wala haihitaji kuagiza kitu nje.

Kitu kingine kidogo ni kutu. Vibamba vya springi vinatakiwa kuteleza kimoja juu ya kingine. Vikishika kutu hushikana, na springi ya vibamba vitano hugeuka kuwa pande moja la chuma kwenye makunyanzi madogo, ikilala tu kwenye shimo kubwa. Kuifungua, kuisugua, kuipaka grisi na kuirudisha ni kazi ya siku moja, na gharama kubwa ni ufundi.

Nani alipe?

Sasa linakuja swali gumu zaidi, ambalo halimhusu fundi. Kama maboresho ni rahisi hivyo, mbona matela hayaboreshwi?

Jibu linapatikana kwenye namna nauli inavyolipwa. Mwenye tela hulipwa kwa tenga au kwa safari. Akifikisha matenga 20 analipwa ya matenga 20, yawe mazima au yanachuruzika. Nyanya si zake. Dereva aliyeajiriwa anataka kurudi haraka apate safari ya pili. Mkulima aliyeuza shambani kwa dalali ameshapokea fedha zake. Anayebeba hasara ni yule mwenye mzigo wakati unapofunguliwa sokoni, na huyo hana amri juu ya springi za mtu. Anachoweza kufanya ni kushusha bei anayolipa shambani safari ijayo, akifidia hasara anayoitarajia. Hivyo mkulima naye hulipa, ila hajui kuwa analipa.

Tuchukue mfano wa hesabu, na kila msomaji aweke bei za kwake. Tela linabeba matenga 20 kwa safari. Matenga mawili hushushwa daraja kwa kupondeka na kuuzwa nusu bei. Tuseme tenga zima ni Sh30,000. Hasara ya safari moja ni Sh30,000, na kwa safari 40 za msimu ni Sh1,200,000. Fedha hizo hazionekani kwenye daftari la mtu yeyote kwa sababu zimegawanyika kwa watu wengi.

Sasa tuseme kubadilisha bushi na bolti, kufungua vibamba na kuvisafisha kunagharimu Sh250,000, na kwamba kazi hiyo inaokoa tenga moja kati ya yale mawili. Kinachookolewa ni Sh15,000 kwa safari. Gharama inarudi katika safari ya 17, kabla nusu ya msimu haijafika. Upande mwingine, tuseme springi mpya ndefu pamoja na shokomzoba ni Sh900,000 na zinaokoa tenga la pili. Hizo zitarudi baada ya safari 60, yaani msimu mmoja na nusu. Bado ni faida, lakini kwa mtu anayekopa, tofauti ya safari 17 na safari 60 ni tofauti ya kulala usingizi na kukesha. Ndiyo sababu bushi hutangulia.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni sahihi kwa mwenye tela anayebeba nyanya zake mwenyewe tu. Anayebeba za wengine atatoa Sh250,000 na hataokoa chochote. Njia inayowezekana ni mkataba mdogo. Kikundi cha wakulima kumi wanaotumia tela moja wanaweza kukubali kuongeza Sh500 kwa kila tenga kwa msimu, kwa sharti kwamba springi zitatengenezwa na mwendo utapunguzwa. Kwa matenga 20 mwenye tela anapata Sh10,000 ya ziada kila safari na gharama yake inarudi katika safari 25. Wakulima wanaokoa Sh15,000, wanabakiwa na Sh5,000. Baada ya safari ya 25 nauli inaweza kujadiliwa upya.

Mkataba wa namna hiyo una udhaifu mmoja: nani atathibitisha? Mwenye tela anaweza kupokea Sh500 na kupaka rangi springi kuukuu. Hapo rula inarudi kazini. Mjumbe mmoja wa kikundi apime kabla na baada ya kupakia, na matenga yaliyoshushwa daraja yahesabiwe kwa safari tano kabla ya matengenezo na tano baada yake, barabara ikiwa ile ile na dereva yule yule. Hesabu ya safari kumi si utafiti wa chuo kikuu, lakini inatosha kumaliza ubishi chini ya mti. Wakulima wanaouza shambani nao wana sababu ya kuhifadhi hesabu hizo, maana dalali anayesema "nyanya zenu zinafika mbovu" atajibiwa kwa namba.

Mwendo wenyewe hauhitaji mtaji. Kwenye njia ya vumbi ya kilometa 12, kushuka kutoka kilometa 40 kwa saa hadi 30 kunapunguza nguvu ya mwendo karibu nusu, na kunachelewesha safari kwa dakika sita tu. Dakika sita hizo huwa ngumu kuzipata kwa dereva anayelipwa kwa safari. Kikundi kikimlipa kwa siku, au kikimwongezea kitu kidogo kwa kila safari isiyo na tenga lililopondeka, zitapatikana.

Kwa fundi

Mwenye tela akishaamua, yapo mambo ambayo hapaswi kumwachia fundi bila kusimama karibu.

La kwanza na kubwa, kibamba kilichovunjika hakichomelewi. Chuma cha springi kimepikwa na kupozwa kwa namna ya pekee ili kipate mnyumbuko wake, na moto wa kuchomelea huufuta. Kitaonekana kizima, kisha kitakatika pembeni ya kovu, mara nyingi tela likiwa na mzigo kamili. Ni busara pia kutosogeza moto karibu na springi wakati fremu inachomelewa. Springi hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili hulifanya tela lilale ubavu.

Yubolti, zile bolti zilizokunjwa kwa umbo la herufi U zinazoibana springi kwenye ekseli, zikifunguliwa zinunuliwe mpya. Nyuzi zake zilishavutwa mara moja, na bei yake haifanani kabisa na gharama ya ekseli iliyochomoka.

Kwa bolti za kupitisha grisi, tundu la kutolea grisi lielekezwe pembeni, lisielekezwe juu wala chini, kwa kuwa upande unaobeba uzito hubanwa na kuliziba. Wakati wa kupiga grisi, fremu inyanyuliwe kwa jeki ili springi zipumzike, la sivyo grisi itazunguka upande mmoja wa bushi tu. Bushi ya shaba nyeusi iliyonyimwa grisi huisha upesi, na mwenye tela atakuwa amenunua kitu ghali ili kukitesa.

Kwa wale wanaotaka kuweka springi kwenye tela la trekta ambalo halikuwa nazo, tahadhari ni kubwa zaidi. Sakafu itapanda juu kwa sentimita kadhaa, na tela lililopanda hupinduka kwa urahisi kwenye miteremko kama ya Usambara. Vishikio vya springi vichomelewe mahali fremu ilipotiwa nguvu, si popote penye nafasi. Kwa mwenye tela la aina hiyo asiyepita kasi ya trekta, huenda nafuu ya kwanza ikawa upepo wa tairi. Tairi iliyojazwa kupita kiasi hudunda kama mpira, na kiwango sahihi kwa mzigo husomwa kwenye maelezo ya mtengenezaji. Chini ya kiwango hicho haifai, kwani tairi hupata joto na kupasuka, hasa tela likifika kwenye lami.

Ekseli ikisharudishwa, fundi apime kwa kamba kutoka kwenye tundu la ndoano ya kuvutia hadi kila ncha ya ekseli. Vipimo viwili visipolingana tairi zitaendelea kuliwa hata springi zikiwa mpya. Safari ya kwanza iwe na mzigo wa nusu. Nati za yubolti zikazwe upya baada ya kilometa 50 hadi 100, kwa sababu vibamba na bolti mpya hukaa sawa vikishabeba, na nati iliyokuwa imekaza gereji huwa imelegea.